Mlango wa Homa ya Matende Uko Kati ya Vidole

Mtu mwenye mguu wa tende anaamka alfajiri akitetemeka, meno yanagongana, blanketi mbili hazimtoshi. Kichwa kinamgonga, moyo unamchafuka. Kwa kuwa yuko Tanga, Lindi, Pemba au Kilifi, kila aliye karibu anasema ni malaria. Anapimwa, kipimo hakionyeshi kitu, anapewa dawa mseto hata hivyo. Kufika jioni mtoki umesimama kinenani na mguu unawaka moto. Ndipo inapojulikana kwamba ni homa ya matende, na siku nzima ya matibabu imeshapotea.

Kosa hilo linaeleweka. Katika ugonjwa huu baridi kali na homa mara nyingi hutangulia dalili za ngozi kwa saa kadhaa, hivyo mguu ukitazamwa asubuhi unaweza kuonekana vilevile ulivyokuwa jana. Mwenye uvimbe wa muda mrefu wa mguu au mkono akianza kutetemeka, apimwe malaria, na papo hapo kiungo kilichovimba kifunuliwe chote, kishikwe, kitazamwe mpaka kati ya vidole. Kufanya moja kati ya hayo hakutoshi.

Homa hii hailetwi na mnyoo, wala na mbu wa usiku uliopita, wala na kukanyaga kitu kilichotegwa njiani. Huletwa na bakteria wa kawaida kabisa, hasa wale wa jamii ya streptokoka, walioingia mwilini kupitia upenyo wa ngozi ambao mara nyingi ni mdogo kiasi kwamba mwenyewe hana habari nao. Ukilijua hili vizuri, utaona kwa nini sabuni, kitambaa na kikopo cha dawa ya fangasi ni kinga kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani.

Maji yaliyosimama

Damu inapozunguka, sehemu ya majimaji yake huchujika kupitia kuta za mishipa midogo na kulowesha nyama. Kiasi kinachobaki huko hukusanywa na mishipa ya limfu, ambayo ni kama mitaro myembamba iliyotandaa chini ya ngozi. Majimaji hupitishwa kwenye tezi za kinena, kwapa na shingo, hukaguliwa humo na askari wa mwili, kisha hurudishwa kwenye damu. Mitaro hii haina moyo wa kuisukuma. Hujikamua yenyewe kidogo kidogo, ikisaidiwa na misuli inayotembea, na ndani yake kuna vali ndogo zinazozuia maji kurudi chini.

Katika matende, minyoo iitwayo Wuchereria bancrofti hukaa ndani ya mitaro hiyo kwa miaka. Mbu ndio huieneza: anofelesi mashambani, na kuleksi mijini, yule anayezaliana kwenye vyoo vya shimo na maji machafu. Mishipa hutanuka, vali hulegea, na hata minyoo ikifa mitaro haiwi kama zamani. Maambukizi mengi huanza utotoni, lakini mguu huanza kuvimba ukubwani, ndiyo maana watu hushindwa kuunganisha mambo hayo mawili.

Minyoo si chanzo pekee. Katika nyanda za juu za Ethiopia, Rwanda na Uganda kuna uvimbe wa miguu uitwao podokoniosisi, unaowapata watu waliotembea peku kwa miaka mingi kwenye udongo mwekundu wa volkano. Huko Kamwenge, magharibi mwa Uganda, wagonjwa waliodhaniwa kuwa na matende ya mbu walikutwa na ugonjwa huu wa udongo. Mwanamke aliyeondolewa tezi za kwapani kwa sababu ya saratani ya matiti naye anaweza kuvimba mkono. Vyanzo vinatofautiana, lakini mtaro ukishaharibika, kinachofuata kwenye ngozi ni kilekile.

Majimaji yaliyosimama yana protini nyingi, na bakteria hustawi humo. Askari wa mwili hawafiki haraka kwa sababu njia yao ni hiyohiyo iliyoziba. Ngozi nayo hukakamaa, ikafanya mikunjo na vinundu, na ndani ya mikunjo hakuna hewa wala mwanga, kuna jasho tu. Bakteria akiingia kwenye mguu mzima hufutwa kimyakimya. Akiingia kwenye mguu huu huenea kwa saa chache. Baya zaidi, kila shambulio huacha makovu kwenye mitaro michache iliyobaki nzima. Mguu huvimba zaidi, mikunjo huongezeka, na mikunjo huleta nyufa mpya. Mguu unaoongezeka mwaka hadi mwaka mara nyingi hauongezwi na minyoo, unaongezwa na homa hizi.

Kuitambua kwenye ngozi nyeusi

Maelezo mengi ya kitabibu yaliandikwa na watu waliozoea ngozi nyeupe, kwa hiyo husisitiza wekundu. Kwenye ngozi ya Mwafrika wekundu huo unaweza usionekane. Tazama badala yake sehemu iliyogeuka nyeusi zaidi, au ya zambarau, au inayong'aa kama iliyopakwa mafuta kwa kuvutwa na uvimbe. Kisha tumia mgongo wa kiganja: ulaze kwenye mguu mmoja, halafu mwingine, mahali palepale. Tofauti ya joto haifichiki. Bonyeza polepole kinenani. Mtoki wenye maumivu ni ushahidi mkubwa. Kwa mkono, tafuta kwapani.

Kuna homa nyingine, ile inayotokana na mnyoo mkomavu kufa. Hiyo huanza juu kwenye tezi na kushuka, ikiacha kamba nyembamba inayouma chini ya ngozi, au uvimbe wenye maumivu kwenye korodani. Huwa nyepesi na hupoa yenyewe baada ya siku chache. Ile ya bakteria huanzia chini, huenea kama doa la maji kwenye nguo, na humlaza mtu kitandani. Tofauti hiyo ina maana, kwa kuwa homa ya mnyoo kwa kawaida haihitaji antibayotiki na ile ya bakteria haifai kusubiri.

Tahadhari mbili kwa wahudumu. Miguu yote miwili ikiwa imebadilika rangi kwa pamoja, inawasha, na mtu hana homa, kuna uwezekano mkubwa ni ukurutu wa mguu uliovimba, na antibayotiki haitasaidia. Na shavu la mguu mmoja likivimba ghafla na kuuma bila homa, hasa baada ya upasuaji, kujifungua au kulala kitandani muda mrefu, fikiria damu iliyoganda ndani ya mshipa.

Mlango wenyewe

Mpe mgonjwa kiti, chukua tochi, tenganisha vidole vya mguu kimoja kimoja. Anzia kati ya kidole kidogo na kinachokifuata, maana hapo ndipo hewa inapopita kwa shida zaidi. Mara nyingi utakuta ngozi nyeupe iliyolainika kama iliyokaa majini, inachubuka, ina ufa mwembamba katikati na pengine harufu. Huyo ni fangasi. Mwenyewe atakwambia huwashwa kidogo tu, au hana habari nao, kwa sababu mguu mzito hauinamiwi kwa urahisi na chini ya vidole hapaoni. Hapo ndipo homa nyingi zinapoingilia.

Milango mingine ni visigino vilivyopasuka, kucha zilizokatwa kwa kuzungushwa pembeni zikaingia nyamani, mikwaruzo ya kujikuna, alama za kandambili ngumu, malengelenge ya kuungua, na funza. Kwa mkono uliovimba ni sindano ya kushonea, miiba ya kupara samaki, kisu cha jikoni. Anayepara samaki au kulima avae glavu.

Milango mingine watu huifungua kwa mikono yao wakitafuta nafuu. Chale zinazochanjwa ili kutoa damu chafu ni tundu ishirini za bakteria mahali ambapo hapaponi vizuri. Mafuta ya taa, maji ya betri na dawa za mitishamba zilizochemshwa na kubandikwa za moto huunguza ngozi ambayo tayari ni dhaifu. Haya hufanywa kwa uchungu wa kukata tamaa, na mwenye mguu asilaumiwe. Aambiwe tu kwa nini yanamrudisha nyuma.

Fangasi wa kati ya vidole hutibiwa kwa klotrimazo ya asilimia 1, mara mbili kwa siku, kwenye ngozi iliyokaushwa. Kosa la kawaida ni kuacha baada ya wiki moja muwasho ukiisha. Endelea wiki nne, au angalau wiki mbili baada ya ngozi kuonekana nzima. Marhamu ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki na asidi ya salisiliki, ni ya bei nafuu na inafanya kazi kwenye ngozi kavu yenye magamba, lakini isipakwe kwenye ufa mbichi, itaunguza. Na jihadhari sana na zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa madukani kuwa zinatibu kila kitu, fangasi, bakteria na muwasho. Nyingi zina steroidi kali. Muwasho hutulia kwa siku mbili, mteja hufurahi, huku ngozi ikizidi kuwa nyembamba na fangasi akienea chini yake bila kuonekana.

Namna ya kuosha

Vifaa ni beseni, ndoo ya maji safi, kata, sabuni isiyo kali, vitambaa viwili laini, taulo, na kiti kinachomwezesha mtu kuufikia mguu au kusaidiwa. Sabuni ya kuogea isiyo na manukato makali inatosha. Sabuni ya unga ya kufulia haifai, hukausha ngozi mpaka ipasuke. Maji yawe ya uvuguvugu wa kawaida au ya baridi, kamwe yasiwe ya moto. Ya kisima yenye mashaka yachemshwe na kupozwa.

Mwoshaji anawe mikono. Kabla ya maji kugusa ngozi, kiungo kitazamwe pande zote, kwa sababu nyufa zikilowa huonekana kwa shida. Loweshea, paka sabuni, anza pale juu uvimbe unapoishia na ushuke mpaka unyayoni. Tumia kiganja au kitambaa. Brashi na jiwe la kusugulia visiguse kabisa. Kwenye mikunjo, fungua kila mkunjo kwa vidole. Kati ya vidole vya mguu, pitisha kitambaa chembamba kama unavyopitisha uzi kwenye tundu la sindano, huku na huko. Kitambaa kikitoka kichafu, suuza na urudie. Kisha mwaga maji safi mpaka yanayotoka yawe meupe kabisa, maana sabuni ikibaki ndani ya mkunjo huunguza.

Kukausha ndiko kunakopuuzwa, nako kuna uzito uleule wa kuosha. Usifute kwa kusugua. Bandika taulo na uinue, bandika na uinue. Kati ya vidole tumia kipande cha shashi au kitambaa cha pamba, mpaka pawe pakavu kabisa. Vitambaa vifuliwe na kuanikwa juani, na viwe vya mtu huyo peke yake.

Sasa paka dawa palipo na fangasi au jeraha. Visigino na ngozi iliyokauka vipakwe mafuta ya mgando au ya nazi. Mafuta yasiingie kati ya vidole, huko tunataka ukavu. Mguu mwingine, ule usiovimba, uoshwe pia, kwa sababu fangasi huhama. Kazi hii ni ya kila siku, mara moja walau, na jioni kabla ya kulala ndio wakati mzuri kwa kuwa mguu utabaki safi na mkavu usiku kucha. Msimu wa mvua, na kwa wanaoingia kwenye majaruba ya mpunga, ifanywe kila wanapotoka kwenye tope.

Je, inafanya kazi kweli? Kaskazini mwa Ethiopia, watu 696 wenye podokoniosisi walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Nusu walianza mara moja huduma ya kuosha miguu, kupaka mafuta, mazoezi, bandeji, soksi na viatu. Nusu walianza baadaye. Waliosubiri walipata wastani wa mashambulio karibu 24 kwa mtu kwa mwaka, walioanza karibu 19. Tazama ukubwa wa mateso yenyewe: mtu analala kitandani mara mbili kwa mwezi, shamba likimsubiri. Na tazama pia kwamba kuosha hakukumaliza homa zote. Anayeahidi kwamba sabuni itaponya atamvunja mtu moyo. Inapunguza, na kila shambulio lililozuiwa ni mitaro iliyosalimika.

Viatu viwe vya wazi mbele au vyenye mikanda inayolegezwa, vyenye kisigino kifupi. Kiatu cha plastiki kilichofungwa hupika vidole kwenye jasho. Ukikaa, inua mguu ulingane na nyonga. Usiku weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa chini, kiasi cha sentimita 10 hadi 15. Mwenye ugonjwa wa moyo au anayekosa pumzi akilala asifanye hivyo kabla ya kumuuliza daktari.

Siku za shambulio

Homa ikishaingia, mambo kadhaa hugeuzwa. Mazoezi yasimame. Bandeji na soksi za kubana zivuliwe. Hakuna kuchua wala kukanda kwa maji ya moto. Mguu unyanyuliwe juu ya mito, uwekewe kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, kibadilishwe kikipata joto. Kuosha kuendelee kwa upole ikiwa maumivu yanaruhusu. Maji ya kunywa yawe mengi. Kwa homa na maumivu tumia parasetamoli, gramu 1 kila baada ya saa 6 kwa mtu mzima mwenye ini zima, isizidi gramu 4 kwa siku. Diklofenaki na ibuprofeni ni bora kuziepuka, zinaweza kuficha dalili za maambukizi yanayozidi kuwa mabaya.

Antibayotiki ianze siku hiyohiyo, kwa kuandikiwa na mhudumu. Kwa mtu mzima asiye na mzio wa penisilini, inayotumika sana ni amoksisilini miligramu 500 mara tatu kwa siku, kwa siku zisizopungua 7. Miongozo ya Uingereza kwa wenye uvimbe wa limfu hutaka siku zisizopungua 14. Mwenye mzio hupewa erithromaisini. Palipo na usaha au jipu, mhudumu hufikiria bakteria wengine waitwao stafilokoka na kutumia kloksasilini au flukloksasilini. Watu hushangaa dawa ya zamani kama penisilini bado inategemewa. Sababu ni kwamba streptokoka wa kundi A, mhusika mkuu hapa, hajapata kuwa sugu kwa penisilini. Kinachoiharibu dawa hii ni kununuliwa vidonge sita dukani na kuachwa siku ya pili homa ikishuka.

Chora mstari wa kalamu kwenye ukingo wa joto na uandike saa. Katika siku ya kwanza, hata dawa ikiwa sahihi, ukingo unaweza kuvuka mstari kidogo, si lazima iwe dawa imeshindwa. Homa na maumivu hupungua kwa siku mbili au tatu. Uvimbe na weusi hukawia wiki kadhaa, na ngozi inaweza kubambuka kama ya nyoka. Hizo ni dalili za kupona, hazihitaji kozi nyingine.

Dalili za kwenda hospitali bila kuchelewa ni hizi hapa: kuchanganyikiwa, kupumua kwa kasi, kukosa mkojo, kutapika dawa, hali isiyobadilika au inayozidi baada ya saa 24 hadi 48 za matibabu. Maumivu makali kuliko ngozi inavyoonyesha, malengelenge yenye damu, ngozi inayokuwa ya kijivu au nyeusi na kufa ganzi, hayo ni ya dharura ya upasuaji, yanahesabiwa kwa saa. Mwenye kisukari asingoje hata siku moja.

Homa zinaporudi tena na tena

Anayepata mashambulio mawili au zaidi kwa mwaka licha ya kuosha vizuri anastahili kinga ya dawa, na wengi hawajui kwamba ipo. Katika utafiti wa Uingereza na Ireland uliochapishwa 2013, watu 274 waliokwisha pata maambukizi ya mguu yanayojirudia walipewa penisilini ya kumeza miligramu 250 mara mbili kwa siku, au kidonge kisicho na dawa, kwa miezi 12. Waliougua tena walikuwa asilimia 22 kwa penisilini, 37 kwa kidonge tupu. Walipoacha dawa, faida ilipungua mpaka ikatoweka. Mahali ambapo kumeza kila siku ni shida, hutumika sindano ya benzathini penisilini, yuniti milioni 1.2 kila baada ya wiki 3 au 4.

Kubana mguu nako kunakinga, nje ya siku za homa. Huko Australia utafiti wa 2020 ulisimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa dhahiri: waliougua tena walikuwa 6 kati ya 41 waliovaa soksi za kubana, na 17 kati ya 43 wasiovaa. Kwenye joto la Pwani soksi hizo huvaliwa kwa taabu, na bandeji ikifungwa vibaya hukata ngozi, kwa hiyo afundishe anayejua, na mishipa ya damu ya mguu ipimwe kwanza.

Limebaki swali la vidonge vya kingatiba, vile vya kampeni: ivermektini na albendazo Tanzania, ambako ugawaji ulianzia Mafia mwaka 2000, na dawa ya minyoo iitwayo DEC pamoja na albendazo Kenya, ambako ugawaji ulianzia Kilifi mwaka 2002. Vimeze. Huua vijinyoo vilivyomo kwenye damu ili mbu asiwapelekee watoto wa jirani. Havirudishi mtaro uliokwisha haribika, na havizuii streptokoka kupita kwenye ufa wa kidole. Aliyevimeza miaka yote na bado anapata homa hakudanganywa wala hakumeza vibaya. Na akiwa katikati ya shambulio siku wagawaji wanapopita, awaombe wamrudie akishapona.